Chagua faili kabla ya programu: ufafanuzi kwa mwandishi chipukizi wa vichekesho

Mswada wa vichekesho haukai kwa mwenyewe. Unatumwa kwa WhatsApp kwa mwongozaji aliye Nyali, unachapwa kwenye saiba ya Mwembe Tayari hapa Mombasa, unasomwa na waigizaji wanne juu ya simu nne zisizofanana, na ukipata bahati unamfikia mtayarishaji aliye Nairobi, ambaye ataufungua kwa programu yake wala si yako. Ndiyo sababu swali ambalo waandishi wapya hulitanguliza, "Programu gani ndiyo bora?", huwapeleka mrama. La kuuliza kwanza ni hili: mswada ukitoka mkononi mwako utakuwa faili ya aina gani, na nani ataweza kuifungua miaka mitano baadaye? Ukishalijibu, programu nyingi hujichuja zenyewe, na zile zitakazobaki waweza kuzijaribu kwa jioni moja.

Lakini hata kabla ya faili, jiulize unaandika kichekesho cha namna gani, maana wengi hununua chombo wasichokihitaji.

Anayesimama peke yake jukwaani na maikrofoni hahitaji programu ya mswada kabisa. Mpangilio wa kurasa za filamu haumsaidii. Anachohitaji ni daftari, kinasa sauti cha simu na orodha fupi ya vichekesho kwa mfuatano wake. Skiti ya mtandaoni ya dakika mbili au tatu, inayopigwa kwa simu na watu watatu uani Majengo, yahitaji mswada safi wa kurasa chache, na programu yoyote ya bure yatosha. Kipindi cha redio ni kitu kingine: hapo hakuna picha, mistari huhesabiwa kwa namba ili mtu studioni aseme "turudie mstari wa 14", na milio huandikwa kwa herufi kubwa ili fundi wa sauti aione upesi. Kwa redio, programu ya kawaida ya kuandikia barua, yenye uwezo wa kuweka namba za mistari, hufanya kazi vizuri kuliko programu ghali ya filamu.

Penye mkanganyiko ni kipindi cha vichekesho cha televisheni, kwa kuwa kina sura mbili. Kile kinachopigwa kwa kamera moja, kwa kutembea hapa na pale mjini, huandikwa kama filamu: mistari imebanana, maelezo ya vitendo kwa herufi za kawaida. Kile kinachopigwa studioni kwa kamera kadhaa mbele ya watazamaji huandikwa kwa mazungumzo yenye nafasi mbili baina ya mistari, maelezo ya vitendo kwa herufi kubwa zote, kila onyesho likianza ukurasa mpya, na chini ya kichwa cha onyesho huorodheshwa wahusika waliomo kwa mabano. Kwa sababu ya nafasi hizo, ukurasa mmoja wa namna hii huhesabiwa nusu dakika tu. Mwandishi asiyejua tofauti hii hupeleka kurasa 24 za kamera nyingi akidhani ana dakika 24 za kipindi, ukurasa mmoja kwa dakika moja, kumbe ana dakika kumi na mbili. Basi ikiwa unalenga studio, hakikisha programu yako ina kiolezo, yaani mpangilio ulio tayari, cha kamera nyingi. Final Draft, programu ya kulipia tutakayoirudia chini, inacho. Programu nyingi za bure zina kiolezo cha filamu peke yake, nawe utabaki kurekebisha kwa mkono.

Programu inafanya nini hasa

Kazi zake ni tatu. Inapanga maandishi mahali pake, inakumbuka majina ya wahusika na mahali ili usiyaandike upya, na inatoa faili ambayo watu wa uzalishaji wanaweza kuichambua: maonyesho mangapi yako ndani, mangapi ni ya usiku, nani anahitajika siku gani. Haikufundishi kuchekesha.

Mpangilio wenyewe si siri. Herufi ni Courier ya pointi 12, ambayo kila herufi yake, iwe i au m, huchukua upana uleule: herufi 10 kwa inchi, na mistari 6 kwa inchi kwenda chini. Pambizo ya kushoto ni inchi 1.5, ili karatasi zitobolewe na kufungwa bila kula maneno. Pambizo nyingine ni inchi 1. Jina la mhusika huanza inchi 3.7 kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi, maagizo ya mabano huanza 3.1, na maneno anayosema huanza 2.5 yakachukua upana wa inchi 3.5 hivi. Mtu akikuuliza kwa nini usitumie herufi nzuri zaidi, jibu ni kwamba herufi za upana mmoja ndizo zinazowezesha ukurasa kuhesabiwa kama muda. Courier inayokuja na kompyuta nyingi ni nyembamba na huchosha macho. Courier Prime, iliyotolewa mwaka 2013, ina vipimo vilevile, inasomeka vyema zaidi, na ni ya bure.

Karatasi nayo ina neno. Programu nyingi hutoka Marekani na huanza na karatasi yao ya Letter, yenye urefu wa milimita 279. Saiba za Mombasa huchapa A4, yenye milimita 297. Milimita hizo 18 ni mistari minne kila ukurasa. Mswada wa kurasa 30 za Letter ukihamishiwa A4 hushuka hadi kurasa 28 hivi, bila kuondolewa hata neno. Chagua A4 siku ya kwanza, katika mipangilio ya ukurasa, na ubaki nayo. Ukibadilisha katikati, namba za kurasa ambazo waigizaji wameshazoea zitahama zote.

Ukurasa wa Kiswahili si dakika moja

Kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ilitokana na miswada ya Kiingereza, na Kiswahili huivuruga kwa namna ambayo programu haiwezi kuiona. Safu ya mazungumzo ina nafasi ya herufi 35. Andika humo: "Ningalimwambia mapema asingalinikasirikia." Neno la kwanza lina herufi 14, la pili 6, la tatu 19. Maneno mawili ya kwanza na nafasi baina yake hula 21, zabaki 14, na neno la tatu halienei. Programu hailikati, inalishusha lote mstari wa pili. Maneno matatu yamekula mistari miwili, na karibu nusu ya mstari wa kwanza ni tupu. Katika mswada mzima, matundu kama hayo hufanya kurasa ziwe nyingi kuliko muda halisi. Upande mwingine, vitenzi virefu vina silabi nyingi na mwigizaji anayezitamka zote hukawia. Mambo haya mawili hayafutani kwa usawa, na kila mwandishi ana mkono wake. Anayeandika majibizano ya neno moja moja atapata kurasa zinazokimbia. Anayempa bibi wa barazani hotuba atapata kurasa nzito.

Kwa hiyo pima. Chukua kurasa sita za rasimu yako, kusanya watu wa kuzisoma kwa sauti kwa mwendo wa kuigiza, washa saa ya simu, na uhesabu pia sekunde za vitendo visivyo na maneno. Tuseme kurasa sita zimechukua dakika saba na nusu: hizo ni sekunde 75 kwa ukurasa. Kipindi cha dakika 24 kina sekunde 1,440, basi mswada wako unapaswa kuwa na kurasa 19, si 24. Ukiwa na watazamaji ukumbini, acha nafasi zaidi, kwa sababu mwigizaji hawezi kusema mstari unaofuata juu ya kicheko. Makadirio ya muda ambayo programu huonyesha pembeni ya kioo hutokana na kurasa au mistari tu, hayajui mwendo wa Kiswahili chako. Programu isiyo na makadirio hayo haina upungufu wowote kwako.

Mahali ambapo programu hukikwaza Kiswahili

Kuna vikwazo vitatu, na vyote vina dawa.

Kichwa cha onyesho ndicho cha kwanza. Programu karibu zote zimefundishwa kwamba mstari unaoanza na INT. au EXT. ni kichwa cha onyesho. Ukiandika NDANI. au NJE. hazitambui, hudhani ni maelezo ya kawaida, na onyesho lako halihesabiwi. Katika Final Draft, fungua orodha za SmartType (maneno ambayo programu hukukumbushia unapoandika) chini ya menyu ya Document, uongeze NDANI. na NJE. kwenye orodha ya mianzo, na ASUBUHI, MCHANA, MAGHARIBI na USIKU kwenye orodha ya nyakati. Orodha hizo huhifadhiwa ndani ya mswada husika, wala si ndani ya programu, kwa hiyo uhifadhi mswada mtupu wenye orodha hizo kama kiolezo, la sivyo utaanza upya kila mara. Bonyeza Ctrl na 1 kuulazimisha mstari wowote uwe kichwa cha onyesho, Ctrl na 3 kwa jina la mhusika, Ctrl na 5 kwa mazungumzo.

Je, utumie NDANI au INT.? Kwa jukwaa, redio na kikundi chako mwenyewe, andika NDANI bila wasiwasi. Mswada unaokwenda kwa kampuni itakayoupangia ratiba ya kupiga picha, andika INT. na EXT. hata kama kila neno lingine ni Kiswahili, kwa sababu programu za ratiba hupanga maonyesho kwa alama hizo na mtu wa ratiba hatapenda kurekebisha maonyesho 40 moja moja.

Cha pili ni kile kialama cha ng'. Kina maumbo mawili kwenye kompyuta: kilichonyooka, na kilichopinda kama koma ya juu. Jicho halioni tofauti kubwa, kompyuta inaiona. Mhusika aitwaye MZEE NG'OMBE, akiandikwa leo kwenye simu kwa alama iliyonyooka na kesho kwenye laptopu kwa iliyopinda, atakuwa wahusika wawili katika ripoti, na siku ukitaka kumbadilisha jina, nusu ya mistari yake itabaki na jina la zamani. Zima alama zinazojipinda zenyewe kwenye kila kifaa unachotumia. Na kwa jambo hilohilo, mpe kila mhusika jina moja tu juu ya mazungumzo: BI MKUBWA asigeuke BIMKUBWA ukurasa wa tisa.

Cha tatu ni kisahihishaji cha tahajia. Chenye Kiingereza pekee kitakupigia mistari myekundu ukurasa mzima, na kibaya zaidi, kitabadilisha maneno bila kukuuliza. Kizime. LibreOffice huja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na kibodi ya Gboard kwenye simu za Android inakubali kuongezewa Kiswahili. Hata hivyo kamusi hizo ni za Kiswahili sanifu. Kichekesho cha Mombasa kikiandikwa jinsi watu wanavyosema, kina yuwaja, twaenda, nshachoka na ntakuja, nayo yote yataonekana makosa. Usiyasanifishe kwa kuogopa rangi nyekundu. Mwigizaji hutamka alichokiona kwenye karatasi, na kicheko kingi cha hapa kimo ndani ya lafudhi.

Faili

Kuna aina tatu za kuzijua. PDF ni ya kusomwa na kuchapwa. Hiyo ndiyo utakayotuma karibu kila mara, kwa kuwa haibadiliki sura kutoka simu hadi simu. FDX ni faili ya Final Draft tangu toleo la 8 la mwaka 2009, na ndiyo inayopitishwa baina ya programu za uzalishaji. Programu nyingine kama Fade In na WriterDuet huifungua na kuitoa. Ya tatu ni Fountain, iliyotangazwa mwaka 2012, nayo si programu bali ni namna ya kuandika mswada kwa maandishi matupu ili programu yoyote inayoielewa iyapange. Kipande hiki kimeandikwa kwa Fountain:

.NDANI. TUKTUK - MCHANA

Bibi amekaa nyuma na jogoo mapajani. Tuktuk imekwama kwenye foleni ya feri, Likoni.

DEREVA
Bibi, huyo jogoo nauli yake mbali.

BIBI
(akimfunika jogoo kwa leso)
Jogoo gani? Huyu ni mchumba wa mjukuu wangu. [[mbadala: Huyu ni shahidi, twaenda kortini.]]

DEREVA
Mbona awika?

BIBI
Yuwaimba. Ana furaha.

Nukta iliyo mwanzo wa NDANI ndiyo inayoiambia programu kwamba hiki ni kichwa cha onyesho; haitachapwa. Jina la mhusika ni mstari wa herufi kubwa, wenye mstari mtupu juu yake na usio na mstari mtupu chini yake. Maneno ndani ya mabano mawili ya mraba ni dokezo la mwandishi, halihesabiwi kuwa sehemu ya mazungumzo. Watu wawili wakisema kwa pamoja, weka alama ya ^ baada ya jina la wa pili, na programu itawapanga ubavu kwa ubavu.

Kosa la kawaida kabisa hapa: kusahau ile nukta, na kusahau mstari mtupu baada ya kichwa. Programu itaona herufi kubwa zikifuatwa na maandishi, itadhani NDANI. TUKTUK - MCHANA ni jina la mtu, na maelezo ya jogoo yatachapwa katikati ya ukurasa kama maneno anayosema. Vivyo hivyo ukiandika HONI YA LORI kwa herufi kubwa na kuendelea mstari wa chini bila kuruka. Dawa ni mstari mtupu, au alama ya mshangao mwanzo wa mstari, inayomaanisha haya ni maelezo. Maneno ya ukurasa wa jina kama Title na Author sharti yabaki kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo programu inayoyatafuta. Baada ya nukta mbili, andika kwa lugha yako.

Kwa mwandishi chipukizi, maoni yetu ni kwamba Fountain ndiyo mahali salama pa kuanzia. Faili yake ni ndogo sana, inakwenda kwa data kidogo, inafunguka kwenye kompyuta yoyote ya saiba bila kusakinisha kitu, na hakuna kampuni inayoweza kuifunga. Hilo si jambo la kufikirika. Celtx ilianza kama programu ya bure ya kupakua kwenye kompyuta, na miaka mingi baadaye ikahamia kwenye mtandao kwa malipo ya kila kipindi. Waliokuwa na nakala za PDF na maandishi matupu waliendelea na kazi yao. Walioziacha kazi zote ndani ya faili za programu ile peke yake walilazimika kutafuta njia ya kuzitoa.

Kipi kwa nani

Aliye na simu ya Android tu aangalie DubScript au JotterPad, zote zinaelewa Fountain. Kuandika kurasa tano kwa dole gumba kunawezekana. Kusahihisha kurasa thelathini ndiko kunakochosha, basi tumia simu kwa rasimu na uazime kibodi kwa masahihisho.

Laptopu ya zamani ya Windows, yenye kumbukumbu ndogo, inaimudu Trelby bila kuhema. Ni ya bure, nyepesi, hufanya kazi pia kwenye Linux, na haihitaji intaneti. Story Architect, iliyorithi KIT Scenarist, ina uwezo zaidi wa kupanga kadi na muhtasari, na toleo lake la msingi ni la bure. Mwenye Mac atumie Beat, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya Fountain.

Mkiandika wawili au watatu, mmoja Changamwe na mwingine Bamburi, WriterDuet huwaruhusu kuandika katika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na huacha uandike miswada mitatu kabla ya kulipa. Inategemea mtandao. Kabla ya kuikabidhi kazi, zima data katikati ya sentensi, andika mistari kumi, washa tena, uone kama mistari imeungana na ile ya mwenzako au mmoja ameifuta ya mwingine.

Fade In ni ya kulipia, bei yake iko chini ya dola 100 kwa mara moja, na inafanya karibu kila ambacho Final Draft inafanya. Final Draft bei yake imekuwa ikicheza baina ya dola 200 na 250; una siku 30 za kuijaribu bure. Inastahili fedha hizo mswada unapoingia kwenye uzalishaji: hapo kurasa hufungwa namba, onyesho jipya huitwa 12A badala ya kusukuma mengine, na masahihisho hutoka kwa kurasa za rangi. Mtu ambaye bado hajapata mtayarishaji hana haja na chochote katika hayo. Jambo moja tu ndani yake linamfaa mwandishi wa vichekesho moja kwa moja: uwezo wa kuweka mazungumzo mbadala, yaani mstari uleule wa kicheko kwa namna tatu au nne, ukachagua mmoja baada ya kusikia waigizaji. Katika Fountain kazi hiyo hufanywa na yale mabano ya mraba, kama shahidi wa kortini hapo juu. Usifute kichekesho kilichoshindwa. Kihamishie kwenye dokezo, kwa maana kilichoanguka kinywani mwa dereva huenda kikasimama kinywani mwa bibi.

Nakala zilizovunjwa kufuli, zile zinazouzwa kwa flashi, usizitie kwenye mashine yenye kazi yako. Haziwezi kusasishwa, nyingi huja na virusi, na hakuna wa kumwendea siku faili ikikataa kufunguka.

Kulipa kwa dola kutoka hapa si tatizo kama zamani: tangu 2022, M-Pesa GlobalPay humpa mtumiaji namba ya kadi ya Visa inayochota kwenye salio lake. Kwa malipo ya kila mwezi, kumbuka kwamba siku ya kukatwa salio likiwa tupu malipo hugoma, na programu ya mtandaoni yaweza kukuzuia kuhariri. Toa nakala ya FDX na PDF kabla ya tarehe hiyo.

Ukiamua kujijengea kwenye LibreOffice

Inawezekana, na humfundisha mtu mpangilio kuliko programu yoyote. Weka ukurasa A4, pambizo ya kushoto sentimita 3.8 na nyingine 2.5. Fungua kidirisha cha mitindo kwa F11 na utengeneze mitindo minne ya Courier Prime pointi 12. VITENDO haina ujongezo wowote. MHUSIKA hujongezwa sentimita 5.6 kutoka pambizo ya kushoto. MAZUNGUMZO hujongezwa 2.5 kushoto na 3.3 kulia. MABANO, 4.1 kushoto na 5.5 kulia. Nafasi ya mistari yote iwe ya kudumu, pointi 12 kamili. Ukiiacha ile ya kawaida, mistari haitakuwa 6 kwa inchi na hesabu nzima ya kurasa itapotea. Ikiwa sawa, ukurasa utapokea mistari 58.

Sasa ziunganishe: katika mtindo wa MHUSIKA, taja kwamba mtindo unaofuata ni MAZUNGUMZO, na katika MAZUNGUMZO ufuate VITENDO, ili kitufe cha Enter kikupeleke chenyewe. Mtindo wa MHUSIKA uagizwe ukae pamoja na aya inayofuata. Bila hivyo jina litabaki pweke chini ya ukurasa na maneno yake yaangukie ukurasa mwingine. Kisichowezekana humo ni kuongeza chenyewe neno la kuonyesha kwamba mazungumzo yanaendelea ukurasa ufuatao. Hilo utalitia kwa mkono mwisho kabisa, baada ya masahihisho yote, kwani ukiongeza mstari mmoja ukurasa wa pili, yote yatahama.

Jaribio la jioni moja

Chagua programu mbili, si sita. Katika kila moja andika kurasa tatu zenye vitu vinavyojulikana kusumbua: kichwa kinachoanza na NDANI, mhusika mwenye ng' katika jina, watu wawili wanaosema kwa pamoja, na hotuba ndefu inayovuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kisha zima intaneti na uendelee kuandika. Kisha, bila kuhifadhi, funga programu kwa nguvu kama umeme umekatika, uifungue tena na uhesabu mistari uliyopoteza. Ikipoteza zaidi ya dakika chache za kazi, tafuta kwenye mipangilio muda wa kujihifadhi na uupunguze. Ikiwa haina, iache.

Toa PDF, toa pia FDX au Fountain, na ufungue hiyo ya pili katika ile programu nyingine. Tazama kama wahusika wamebaki wahusika na vichwa vimebaki vichwa. Hapa ndipo programu nyingi nzuri kwa sura hufeli. Jina la faili liwe na namba ya rasimu na tarehe, maana sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyoandikwa, si wazo lililosimuliwa barazani, na rasimu zenye tarehe husaidia kuonyesha lini uliandika nini. Unaweza pia kuisajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya; usajili ni ushahidi, haki yenyewe huanza pale unapoandika.

PDF hiyo itume WhatsApp kama hati, si kama picha za kurasa, kisha uipeleke saiba. Mwambie mhudumu achape kwa asilimia 100, asiache printa iubane ukurasa ili uenee. Ukirudi, chukua rula uiweke kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi: jina la mhusika lianze sentimita 9.4, mazungumzo 6.4. Vipimo vyote vikiwa pungufu kidogo kwa kiasi kilekile, printa imeubana ukurasa. Kikiwa pungufu kimoja tu, programu ndiyo iliyokosea, na unarudi kwenye mipangilio yake kabla hujaandika onyesho la pili.